Kifungo Kisicho na Tarehe: Wagonjwa wa Akili katika Magereza ya Kenya



Jambo lililotukutanisha jioni hii huamuliwa kwenye meza ya kituo cha polisi, muda mrefu kabla halijafika kwa jaji. Mtu ameletwa usiku. Amekuwa akipiga kelele sokoni, au amevunja kioo cha duka, au ameketi katikati ya barabara akibishana na watu ambao wengine hawawaoni. Hana kitambulisho, na kila akiulizwa jina anataja lingine. Afisa wa zamu anafungua OB, yaani daftari la matukio la kituo, na sheria inamruhusu kuandika moja kati ya mambo mawili. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, katika kifungu cha 16, iliwapa polisi na hata machifu mamlaka ya kumchukua mtu anayeaminika kuwa na ugonjwa wa akili, aliye hatari kwa nafsi yake au kwa wenzake, au asiye na wa kumtunza, na kumfikisha hospitalini ndani ya saa 24 au muda mwingine unaofaa. Kanuni ya Adhabu nayo inampa makosa ya kumfungulia: kuharibu mali, kuvuruga amani, kuingia mahali bila idhini. Mtu ni yule yule na kitendo ni kile kile. Afisa akiandika la kwanza, mtu huyo ni mgonjwa. Akiandika la pili, ni mshtakiwa, na kesho asubuhi atapanda karandinga pamoja na wezi wa simu kwenda kusomewa mashtaka asiyoyaelewa.

Kwa nini kalamu huelekea upande wa pili? Ni rahisi kuwalaumu polisi, na kuna mahali wanastahili lawama. Lakini lawama hiyo haielezi kwa nini hata afisa mwenye huruma hufanya vivyo hivyo. Kumpeleka mgonjwa hospitalini kunahitaji gari, mafuta, askari wawili wa kumsindikiza na hospitali itakayokubali kumpokea. Wodi za magonjwa ya akili nchini ni chache: kuna Mathari jijini Nairobi, Port Reitz kule Mombasa, Gilgil, na vitengo vidogo katika baadhi ya hospitali za kaunti. Kituo kilichoko Mandera kiko karibu kilomita elfu moja kutoka Mathari. Mgonjwa anaweza kufikishwa mlangoni akaambiwa vitanda vimejaa, au dawa zimeisha, au aje na jamaa wa kumwekea sahihi. Mahakama haisemi hivyo, wala gereza. Mkuu wa gereza akiletewa hati ya hakimu hana hiari ya kumrudisha mtu kwa kuwa nafasi imekwisha. Atamlaza sakafuni ikibidi. Hoja yangu yote inasimama juu ya jambo hili. Tunawafunga wagonjwa wa akili kwa sababu gereza ndiyo taasisi pekee ya umma tuliyoinyima haki ya kukataa mtu. Taifa halijaamua kwamba wagonjwa hawa ni wahalifu. Limejenga tu mlango mmoja usiofungwa, na watu wasio na pengine pa kwenda wanaishia kupitia hapo.

Tazameni pia nani analipa. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la kutoa huduma za afya, ila hospitali za rufaa za kitaifa. Polisi na magereza vilibaki kwa serikali ya kitaifa, na Mahakama ni ya taifa vilevile. Kaunti inayoajiri wauguzi wa magonjwa ya akili, inayonunua dawa na kutenga wodi ya vitanda ishirini, inalipa kutoka mfukoni mwake. Kaunti isiyofanya lolote haipati hasara yoyote inayoonekana kwenye vitabu vyake vya hesabu. Mgonjwa wake akikamatwa, ugali anaokula rumande unalipwa na hazina ya taifa. Hakuna gavana aliyewahi kupelekewa hati ya madai kwa ajili ya mahabusu aliyetoka kaunti yake akiwa mgonjwa. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba matibabu ni ghali, inafaa tuulize: ni ghali kwa nani? Kwa mwananchi anayelipa kodi zote mbili, kumweka mtu gerezani miaka tisa si nafuu. Gharama imehamishwa tu kutoka kwenye kitabu ambacho mtu angewajibika nacho hadi kwenye kitabu ambacho hakuna anayekisoma kwa jicho hilo.

Wamarekani waliipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo yao zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000, wengi wakiishi humo maisha yao yote katika hali mbaya. Dawa mpya zilikuwa zimeanza kutumika, na mnamo Oktoba 1963 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na makazi ya watu. Lilikuwa wazo jema. Hospitali zikapunguzwa, lakini vituo vilivyoahidiwa vingi havikujengwa, na vilivyojengwa havikupewa fedha za kutosha. Kufikia 1994 waliobaki katika hospitali hizo walikuwa kama 72,000. Haki inanitaka niseme kwamba wengi waliotoka waliishi vizuri zaidi kuliko walivyokuwa wodini, na kwamba ongezeko la wafungwa Marekani lina sababu nyingine kubwa. Hata hivyo, ripoti ya takwimu za serikali yao iliyotolewa 2017 ilionyesha kwamba asilimia 44 ya watu waliokuwa katika jela za kaunti walikuwa wamewahi kuambiwa na mtaalamu kwamba wana tatizo la akili. Jela za Los Angeles, Chicago na New York zimekuwa miongoni mwa mahali penye wagonjwa wengi wa akili kuliko pengine popote nchini humo. Huko pia hospitali ilikuwa mzigo wa jimbo, na jela ikawa mzigo wa kaunti. Sisi hatukuwahi kuwa na vitanda nusu milioni vya kufunga. Tumefika pale pale walipofika bila hata kupitia hospitali.

Mpaka hapa nimesema juu ya makosa madogo. Niingie sasa kwenye makosa makubwa, hasa mauaji, kwa maana huko ndiko sheria yenyewe, na si uhaba wa mafuta ya gari, inamtendea mgonjwa vibaya kuliko inavyomtendea mhalifu. Kila anayeshtakiwa kwa mauaji nchini Kenya hupelekwa kupimwa akili kabla ya kujibu shtaka. Daktari akisema hawezi kufuatilia kesi, kesi husimamishwa na mtu hubaki kizuizini hadi apone, kama atatibiwa, na kama kuna atakayekumbuka kuuliza. Akiweza kufuatilia, kesi husikizwa. Ikithibitika kwamba alitenda kitendo, lakini wakati huo ugonjwa ulikuwa umemwondolea uwezo wa kujua alichokuwa akifanya au kujua kwamba ni kosa, kifungu cha 166 cha Kanuni ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kiliagiza jaji atamke kwamba mshtakiwa ana hatia ya kitendo lakini alikuwa mwendawazimu. Baada ya tamko hilo jaji hakutakiwa kutoa adhabu. Alitakiwa kuripoti kwa Rais. Rais naye angeagiza mtu huyo awekwe katika hospitali ya akili, gerezani, au mahali pengine panapofaa, kwa muda ambao Rais mwenyewe ataridhia. Mkuu wa mahali pale angeandika ripoti ya kwanza baada ya miaka mitatu tangu amri ya Rais, kisha kila baada ya miaka miwili, imfikie Waziri, na Waziri amfikishie Rais.

Mlinganisheni mtu huyo na aliyeua kwenye ugomvi wa pombe akiwa na akili zake timamu. Huyu wa pili akipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia atapewa, tuseme, miaka tisa. Atajua siku atakayotoka. Akiwa na mwenendo mwema atapunguziwa theluthi moja, na atahesabu miezi yake ukutani. Anaweza kukata rufaa adhabu ipunguzwe. Wa kwanza, ambaye mahakama yenyewe imekiri kwamba hakujua alitendalo, hana hesabu ya kupunguziwa kwa kuwa hana hesabu kabisa. Miaka mitatu inaanza kuhesabiwa tangu amri ya Rais, na amri isipotoka, haianzi. Faili ikikwama kwenye ofisi moja kati ya tatu, hakuna sheria inayomlazimisha karani yeyote kuitafuta. Mwenye akili timamu anaadhibiwa kwa kadiri ya kosa lake. Mgonjwa anazuiliwa kwa kadiri ya utaratibu wa ofisi.

Sheria hii haikuzaliwa kwetu, na asili yake inafaa kujulikana na kila mbunge anayeitetea kama ukuta wa usalama. Mwaka 1800 askari mstaafu James Hadfield alimfyatulia risasi Mfalme George wa Tatu katika ukumbi wa maigizo wa Drury Lane, London, akakosa. Baraza la wazee wa mahakama lilipomwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia watu kama yeye hadi mfalme atakaporidhia. Mwaka 1843 Daniel M'Naghten alimuua katibu wa Waziri Mkuu, naye akaonekana hana hatia kwa sababu hiyo hiyo. Kutokana na ghadhabu iliyofuata majaji waliandika kanuni za kupima wazimu, ambazo mpaka leo ndizo msingi wa kifungu cha 12 cha Kanuni yetu ya Adhabu. Mwaka 1882 Roderick Maclean alimfyatulia risasi Malkia Victoria kwenye stesheni ya Windsor, akakosa, akaonekana hana hatia. Malkia hakukubali kwamba mtu aliyemlenga yeye aitwe asiye na hatia, na mwaka uliofuata Bunge likabadilisha tamko la mahakama ili liseme kwamba mshtakiwa ana hatia lakini alikuwa mwendawazimu. Waingereza wenyewe waliliondoa tamko hilo mwaka 1964. Wakati huo lilikuwa limekwisha kuingia katika kanuni walizotuachia tangu 1930, na sisi tulikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru. Tulibadilisha cheo cha mwenye kuridhia. Hatukuuliza kwa nini raia mgonjwa wa Bungoma au Kwale azuiliwe kwa utaratibu uliotungwa kwa sababu ya hofu ya wafalme wa London.

Majaji wetu wamekwisha kuuliza. Mwaka 2018, katika Mahakama Kuu ya Kisumu, Jaji David Majanja aliamua kwamba kumwachia Rais kazi ya kuamua hatima ya mtu aliye mbele ya mahakama kunakiuka Katiba, kwa kuwa muda wa kuzuiliwa ni jambo la kuamuliwa na mahakama, na kizuizi kisicho na mwisho ni ukatili. Kule Uganda, ambako sheria humtaka mtu wa namna hii asubiri amri ya Waziri, Jaji Batema wa Fort Portal aliamua mwaka 2015 kwamba mahakama haiwezi kukaa ikingoja amri isiyokuja, na kwamba inayo mamlaka ya kutoa amri yenyewe. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mwaka 2003, katika shauri lililohusu wagonjwa wa akili nchini Gambia, ilisema wazi kwamba heshima ya utu haipungui kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Na mnamo Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Nairobi alibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichokuwa kikimfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Kwa miongo mingi mtu aliyeokolewa na majirani kamba ikiwa shingoni, au aliyetapishwa sumu, alitolewa wodini na kupelekwa kizimbani. Nautaja uamuzi huo kwa sababu unaonyesha kwamba mabadiliko haya yanawezekana ndani ya Katiba tuliyo nayo. Lakini uamuzi wa jaji mmoja haubadilishi maandishi ya kitabu cha sheria, na mahakama ya mji mwingine inaweza kuendelea na utaratibu wa zamani. Kuandika upya ni kazi ya Bunge.

Wapo watakaoniuliza: na aliyeuawa je? Ni swali la haki, na mara nyingi linaulizwa na watu wenye uchungu mara mbili, kwa kuwa mtu mwenye ugonjwa mkali wa akili akiua, anayeuawa huwa mara nyingi ni wa nyumbani mwake, mama au mtoto au mke. Afisa wa probesheni anapokwenda kijijini kuuliza kama mtu huyu anaweza kurudi, anaketi na familia moja iliyo ya muuaji na ya marehemu pia. Chifu na wazee wakisema asirudi, hawasemi kwa roho mbaya. Ninalolitetea halimtaki mtu huyo arudishwe kesho. Azuiliwe hospitalini kwa amri ya jaji, apitiwe na jaji huyo kila mwaka kwa ripoti ya daktari, familia isikizwe, na siku akitolewa atolewe kwa masharti ya dawa na ya mahali pa kuishi. Hilo lina usalama zaidi kuliko tulilo nalo sasa, ambapo mtu asiyetibiwa anaweza kukaa ndani miaka mingi, kisha siku moja faili inapatikana na anatolewa langoni bila dawa na bila mtu wa kumpokea.

Hofu ya hatari nayo ijibiwe kwa ushahidi. Walio wengi kati ya wagonjwa wa akili hawamdhuru mtu, na wao wenyewe hupigwa, hubakwa na kuibiwa zaidi ya watu wengine. Ni kweli kwamba ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti na kuona maadui, usipotibiwa, na hasa ukichanganyika na pombe au bangi, huongeza uwezekano wa ghasia. Kuukana ukweli huo hakuwasaidii wagonjwa. Lakini neno lenye uzito hapo ni kutotibiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Lancet, uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 82,000 nchini Uswidi, uligundua kwamba katika vipindi ambavyo watu walikuwa wakitumia dawa za kutuliza wazimu, makosa yao ya ghasia yalipungua kwa asilimia 45 kulinganisha na vipindi ambavyo hawakuzitumia. Walikuwa watu wale wale, wakilinganishwa na nafsi zao. Basi anayetaka mtaa wake uwe salama ana sababu nzito ya kudai zahanati yake iwe na dawa hizo. Nyingi ni za zamani na bei yake ni nafuu. Sindano ya flufenazini hudungwa mara moja kwa mwezi au karibu na hapo, na muuguzi wa zahanati anaweza kuidunga. Mgonjwa akiikosa miezi miwili mitatu kwa sababu kaunti haikuagiza, familia inaanza kuona dalili wiki kadhaa kabla ya polisi kuitwa. Anaacha kulala. Anafunga madirisha mchana. Anamtuhumu kaka yake kwa sumu kwenye chai. Huo ndio wakati wa kuzuia maafa, na katika wakati huo gereza halina msaada wowote.

Wapo pia wanaoogopa kwamba wahalifu watajifanya wendawazimu. Sheria tayari inamchukulia kila mtu kuwa timamu mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo, na madaktari wanaomtazama mtu wodini kwa majuma huona mengi ambayo hakimu hawezi kuyaona kwa dakika kumi. Lakini kuna jibu lililo karibu zaidi: chini ya utaratibu wa kifungu cha 166, mtu mwerevu anayejifanya mwendawazimu angekuwa anabadilisha kifungo chenye tarehe kwa kizuizi kisicho nayo. Mawakili wanalijua hili, na ndiyo maana kuna washtakiwa walio wagonjwa kweli ambao wangefanya vyema kukiri kosa kuliko kuutaja ugonjwa wao. Sheria inayomfanya mgonjwa afiche ugonjwa wake mahakamani imekwisha kushindwa kazi yake.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni la watu wema wanaosema: angalau gerezani anakula, analala ndani, na kuna zahanati. Wanasema hivyo baada ya kuona watu wamefungwa minyororo kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba, na siwezi kuwaambia kwamba kibanda ni bora. Lakini gereza lililojaa kupita kiasi lina kila kitu kinachouchochea ugonjwa wa aina hii: kelele usiku kucha, taa zisizozimwa, wenzake wanaomcheka na kumpora chakula, na askari ambaye mafunzo yake yalimfundisha kwamba asiyetii amri ni mkaidi. Mtu anayesikia sauti hutii sauti kabla ya filimbi, na huadhibiwa. Muuguzi wa gereza, akiwapo, anahudumia mamia ya watu wenye malaria, kifua kikuu na vidonda. Mgonjwa akihamishwa gereza, karatasi yake ya dawa isipomfuata, matibabu yanaanza upya au hayaanzi. Uchunguzi mkubwa wa tafiti kutoka nchi 24, uliochapishwa 2012, ulikuta kwamba katika kila wafungwa mia, watatu hadi wanne wana ugonjwa mkali wa aina hii, na zaidi ya kumi wana sonona kubwa. Hawa si wachache wa kuhudumiwa kwa hisani ya mkuu wa gereza mwenye moyo mzuri.

Juu ya fedha nitasema kwa ufupi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza mwaka 2017 jinsi afya ya akili ilivyotengewa sehemu ndogo mno ya bajeti ya afya, na jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga mwaka 2020 lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na marekebisho yale yalikuwa mazuri. Kinachokosekana ni muuguzi, sindano na kitanda katika kaunti ambazo magavana wake hawajawahi kuulizwa juu ya mambo hayo kwenye mkutano wa hadhara.

Nawageukia mawakili na mahakimu mlio katika ukumbi huu. Katiba, ibara ya 49, inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Wapo wagonjwa walioko rumande leo kwa makosa ya namna hiyo, kwa kuwa hakuna aliyesimama kuisoma ibara hiyo siku kesi ilipotajwa. Isomeni. Na nyinyi mnaofanya kazi katika Mahakama Kuu, tafuteni katika rejista za vituo vyenu kesi zilizoisha kwa tamko la kifungu cha 166. Itisheni faili hizo moja moja, muulize mwenye jina yuko gereza gani, na daktari alimwona lini mara ya mwisho, kisha mleteni mbele ya jaji.